Vitabu Vinavyoeleza Habari za Kazi

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Tunduma na Mkoa wa Songwe

(Kwa walimu wa madarasa: kabla ya somo kuanza, andikeni maneno haya ubaoni: kazi, ajira, ujira, kibarua, mkataba, notisi, mgomo. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili. Redio ikisema "Tupumzike kidogo," acheni darasa lizungumze kwa dakika chache, kisha tuendelee pamoja.)

Wiki iliyopita tulisoma namna ya kuandika barua. Leo tutazungumza juu ya vitabu, lakini si vitabu vya hadithi za sungura na fisi. Ni vitabu vinavyoeleza habari za kazi: nani aliifanya, nani aliilipia, kwa kiasi gani, na kwa nini kiasi hicho.

Najua mmoja wenu anasema moyoni, "Bwana Elimu, mimi kazi naijua. Nimebeba mizigo Tunduma miaka kumi. Kitabu kitanifundisha nini?" Swali hilo ni jema, na somo lote la leo ni jibu lake.

Tazameni mji wetu wa Tunduma alfajiri. Malori yamepangana barabarani kuelekea Zambia, na mengine yanatoka Zambia kwenda bandari ya Dar es Salaam. Madereva na utingo wao wanaosha nyuso. Wapakiaji wanasubiri kuitwa. Mawakala wa forodha wanakimbia na makaratasi. Wabadilishaji fedha wanahesabu shilingi na kwacha. Mama lishe wamekwisha kuwasha moto tangu saa kumi za usiku. Huko Mbozi watu wanaamkia kahawa. Huko Wilaya ya Songwe wachimbaji wadogo wanashuka katika maduara kutafuta dhahabu. Ileje na Momba watu wako mashambani. Wote hao wanafanya kazi. Lakini ni wangapi wamewahi kusoma jambo lililoandikwa juu ya kazi yao wenyewe?

Kwanza tuyatenganishe maneno. Kazi ni neno pana. Mama anayechota maji na kupika kwa ajili ya watoto wake anafanya kazi, ingawa hakuna anayemlipa. Ajira ni kazi unayomfanyia mtu mwingine kwa mapatano ya malipo. Ujira ni yale malipo. Na kibarua je? Neno hili lina historia, nami nataka mlikumbuke hata mkisahau mengine yote.

Kibarua ni barua ndogo. Zamani, katika karne ya 19 huko Zanzibar, mtu aliyefanya kazi ya kutwa alipewa kikaratasi. Jioni alikionyesha kikaratasi hicho ndipo akalipwa. Basi mtu mwenyewe akaanza kuitwa kwa jina la kile kikaratasi. Fikirini jambo hilo. Mfanyakazi wa kutwa, ambaye mara nyingi hakujua kusoma, alipata jina lake katika karatasi. Tangu mwanzo, karatasi ndiyo iliyoamua kama atakula au hatakula.

Baadaye, wakati wa ukoloni, ikaja kadi ya kipande. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kibarua alipewa kadi yenye nafasi 30. Kila siku aliyoimaliza kazi aliyopimiwa, nafasi moja ilitiwa alama. Siku aliyougua, au aliyoshindwa kuimaliza, haikutiwa alama. Kwa hiyo "mwezi" wake haukuwa mwezi wa kalenda. Uliweza kuwa wiki sita au zaidi, na mshahara ulingoja mpaka kadi ijae. Kenya nako, tangu mwaka 1920 hivi, kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake, naye alikivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Asiyejua kusoma alibeba shingoni maneno yaliyomhusu, wala hakuweza kuyajua.

(Tupumzike kidogo. Darasa lizungumze: Je, umewahi kutia sahihi au kidole gumba katika karatasi usiyoweza kuisoma? Ilikuwa karatasi gani?)

Haya, tuendelee. Sasa nitawatajia vitabu vichache. Baadhi yake vimeandikwa kwa Kiingereza, nami nitawapa kiini chake kwa lugha yetu. Kimoja ni cha Kiswahili, na hicho mtaweza kukisoma wenyewe.

Kitabu cha kwanza kiliandikwa na bibi mmoja Mwingereza, Audrey Richards, nacho kilitolewa mwaka 1939. Kinaeleza habari za ardhi, kazi na chakula katika nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Aliishi kwa Wabemba, kusini ya Nakonde, katika miaka ya 1930. Wakati huo wanaume wengi walikuwa wamekwenda kuchimba shaba kwenye migodi. Hata kutoka upande wetu wa mpaka watu walikwenda huko, kwa miguu na kwa malori.

Bibi huyu alifanya jambo rahisi ambalo wengi hawakulifanya. Alikaa vijijini, akaandika siku baada ya siku: leo nani amelima, nani amekwenda kuni, nani amekaa, na watu wamekula nini. Wakati ule mabwana wengi walikuwa wakisema Mwafrika ni mvivu. Daftari la bibi huyu lilionyesha neno jingine. Katika miezi ya njaa, kabla ya mavuno, watu walifanya kazi kidogo kwa sababu tumbo lilikuwa tupu. Mlipo wakulima mnalijua jambo hili bila kuambiwa. Lakini mpaka lilipoandikwa, lilikuwa neno la mkulima dhidi ya neno la bwana.

Kitabu hicho kilionya pia kwamba kilimo cha Wabemba kingevunjika, kwa kuwa kazi ya kupanda mitini na kukata matawi ilikuwa ya wanaume, na wanaume hawapo. Sasa sikilizeni. Mwaka 1994 wanawake wawili wasomi, Henrietta Moore na Megan Vaughan, walitoa kitabu kingine juu ya sehemu zile zile. Walichunguza mambo ya miaka mia moja, wakaona kwamba mambo hayakwenda kama yalivyotabiriwa. Wanawake waliobaki hawakukaa wakilia. Walitafuta njia: walipika pombe wakawaita watu kuwasaidia, walibadilisha mazao, walipatana na jamaa.

Funzo ni nini hapo? Kitabu si msahafu. Kitabu hujibiwa na kitabu. Anayejua kusoma haamini neno kwa sababu tu limechapwa. Huuliza, "Huyu aliyeandika aliona kwa macho yake? Aliwauliza nani? Aliwasahau nani?"

Kitabu cha pili ni cha reli yetu. Kinaitwa kwa maana ya "Reli ya Uhuru ya Afrika," kimeandikwa na Jamie Monson, nacho kilitolewa mwaka 2009. Nyote mnaijua TAZARA. Wakazi wa Tunduma wanaisikia ikipiga honi. Tangu mwaka 1965, walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia utawala wao, Zambia ilikuwa taabuni kupitisha shaba yake kusini. Ndipo Tanzania, Zambia na China zilipopatana mwaka 1967 kujenga reli. Ujenzi ulianza mwaka 1970, njia ikafika mpakani Tunduma mwaka 1973, na reli nzima ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi ikakabidhiwa mwaka 1976.

Habari hizo za marais na mikataba mtazikuta katika vitabu vingi. Lakini huyu bibi Monson aliuliza habari za watu wa kazi. Maelfu ya vijana wa Tanzania na Zambia walifanya kazi pamoja na Wachina. Walichimba mahandaki, walimwaga zege, walijifunza ufundi kwa kumtazama mwenzao, maana lugha hawakuelewana. Tena aliuliza: reli ilipokwisha, watu hao walikwenda wapi? Wengine walibaki kando ya njia, wakalima, wakaanza kuuza mchele na ndizi kwa treni. Naye alijuaje? Alizungumza na wazee, na tena alisoma stakabadhi za vifurushi vilivyopakiwa stesheni. Stakabadhi! Kile kikaratasi ambacho wewe unakitupa ukishapokea mzigo. Kwa vikaratasi hivyo akaweza kueleza wafanyabiashara wadogo waliishije.

Kitabu cha tatu ni cha sheria. Mwandishi wake ni Profesa Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilitolewa mwaka 1986, nacho chaeleza sheria, dola na wafanyakazi wa Tanganyika kuanzia mwaka 1920 hivi mpaka 1964. Mnaweza kushangaa kusikia kwamba chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, mtumishi aliyeacha kazi bila ruhusa kabla ya mkataba wake kwisha hakuwa amevunja mapatano tu. Alikuwa amefanya kosa la jinai. Aliweza kutozwa faini au kufungwa. Leo ukimwachia mwenye nyumba chumba chake kabla ya wakati, mtadaiana, hutapelekwa gerezani. Wakati ule kazi ilikuwa vingine.

Wafanyakazi walifanya nini? Walijifunza kusema kwa pamoja. Mwezi wa Septemba mwaka 1947 wapakuaji wa mizigo katika bandari ya Dar es Salaam waligoma. Mgomo ukafuata njia ya reli mpaka miji ya bara. Wapakuaji wale walipata nyongeza ya ujira. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana katika shirikisho lililoitwa TFL, na katibu mkuu wake alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi yetu.

Na kitabu cha nne ndicho cha Kiswahili. Kinaitwa "Kuli," mtungaji wake ni Shafi Adam Shafi wa Zanzibar, nacho kilichapwa mwaka 1979. Hiki ni riwaya, maana yake watu wake wamebuniwa, lakini mambo yake yametoka katika maisha ya makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa mwaka 1948, ambao ulitukia kweli. Nawashauri wapakiaji wa Tunduma wakitafute. Mtaona bega la kuli wa Zanzibar na bega la mpakiaji wa Tunduma ni bega moja. Mwalimu anaweza kuwasomea kurasa mbili tatu kila jioni, na anayeweza amsaidie kusoma.

(Tupumzike kidogo. Darasa lizungumze: Katika vitabu hivi vinne, ungependa kusoma kipi kwanza? Toa sababu.)

Sasa tuje kwenye elimu inayoitwa uchumi wa kazi. Jina ni kubwa lakini jambo lenyewe mnaliona kila siku. Tuseme kwa mfano kwamba leo yamefika malori kumi ya kupakua, na kila lori lataka watu sita. Watu wanaotakiwa ni 60. Kama wapakiaji waliofika ni 60, kila mtu ana kazi, na wanaweza kusimama imara juu ya bei. Kama wamefika 120, nusu yao watarudi nyumbani mikono mitupu, na mwenye mzigo anajua hivyo. Atasema, "Nani atachukua kwa pungufu?" Na mwenye njaa atanyosha mkono. Hakuna aliyetunga sheria, lakini ujira umeshuka.

Mwandishi mmoja wa Scotland, Adam Smith, aliliandika jambo hili katika kitabu cha mwaka 1776. Alieleza kwamba waajiri ni wachache, hivyo ni rahisi kwao kupatana. Tena wao wana akiba ya kungoja muda mrefu, na mfanyakazi asiye na akiba huenda asimalize hata wiki moja. Kwa hiyo nguvu ya kupatana bei haitoki katika misuli. Inatoka katika uwezo wa kungoja. Hii ndiyo sababu chama cha akiba na mikopo kinaweza kumsaidia mpakiaji kama bega lake linavyomsaidia.

Tutazame mfano mwingine: kahawa ya Mbozi. Mchumaji analipwa kwa debe. Msimu ukiwa umekolea, matunda mekundu yamejaa mtini, debe hujaa upesi. Mwanzoni na mwishoni mwa msimu matunda mabivu ni machache, na debe lile lile laweza kuchukua muda mara mbili. Bei ya debe ikiwa ni moja, ujira wa siku umepungua, ingawa mtu amechoka vile vile. Katika malipo ya debe, hasara ya siku mbaya huangukia mchumaji. Katika malipo ya siku, huangukia mwenye shamba. Hakuna mwizi hapo, ila yafaa kila upande ujue anachokubali kabla ya kuingia shambani. Na tusisahau: mara nyingi debe hilo limejazwa na mama na watoto wake, lakini jina linaloandikwa katika daftari ni la baba. Profesa Marjorie Mbilinyi aliandika kitabu mwaka 1991 juu ya kilimo cha makampuni makubwa na taabu za ajira ya wanawake Tanzania. Akina mama, swali lake lingali lawahusu: nani aliyefanya kazi, na nani aliyeandikwa?

Mfano wa mwisho ni mpaka wetu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa, ili lori lisikaguliwe mara mbili, upande huu na upande ule. Dereva akingoja muda mfupi, mwenye mzigo amepata faida, na taifa limepata faida. Lakini mama lishe aliyekuwa akimuuzia dereva yule chakula siku tatu, akimuuzia siku moja tu, je? Uchumi wa kazi haukatai faida ya wa kwanza wala hausahau hasara ya wa pili. Unaziandika zote mbili. Nanyi mkae na swali hilo.

Ndugu wanafunzi, nimewaeleza ya vitabu. Sasa niwaeleze la kwangu mwenyewe, ambalo silielezi kwa fahari.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimetoka chuo kikuu na stashahada yangu, kijana mwenye shati jeupe. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mlinzi wa ghala Tunduma. Alikuwa amefanya kazi hapo miaka minne. Hakujua kusoma. Siku moja alinikuta Vwawa nikiwa mbioni kupanda basi. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba." Akaitikia, "Marahaba mpwa wangu," akatoa bahasha mfukoni. "Nimepewa hii kazini. Nimeambiwa nikapumzike nyumbani. Nisomee."

Basi lilikuwa likinguruma. Kondakta alikuwa akiita. Nikaichukua bahasha, nikaitia katika mkoba, nikasema, "Mjomba, nitaisoma nikitulia, nitakupa habari." Nikaenda safari yangu, kazi ikanisonga, nikaisahau. Yeye alirudi kijijini akalima, akingoja kuitwa tena, kwa kuwa alidhani amepewa likizo.

Niliporudi nilimkuta akipalilia mahindi. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Ile barua ilisemaje?" Nikaifungua mbele yake. Ilisema kwamba kuanzia siku ile ameachishwa kazi. Haikutaja sababu. Haikutaja notisi. Nikahesabu siku: zilikuwa zimepita 41.

Tukaenda kuuliza. Tukaelezwa kwa upole kwamba mtu anayelalamikia kuachishwa kazi anapaswa kupeleka shauri lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Aliyechelewa anaweza kuomba kusikilizwa, lakini sharti aandike sababu nzuri ya kuchelewa. Tulipotoka nje mjomba akanitazama, akasema, "Niandike nini? Kwamba mpwa wangu mwenye stashahada hakupata nafasi ya kusoma ukurasa mmoja?" Nikamwomba aandike hivyo hivyo, maana ndiyo kweli. Akakataa. Alisema hataliweka jina langu katika karatasi ya aibu. Hatukupeleka shauri.

Mwaka uliofuata, naye ana umri wa miaka 58, mjomba aliingia darasa kama hili lenu. Leo anasoma polepole, kidole chini ya neno. Barua yake hanipi tena.

Nimelieleza hili ili mjue kwamba kusomewa si sawa na kusoma. Msomaji wako anaweza kuwa mwema, akawa na haraka.

Basi, katika vitabu vyote vya kazi, kile kinachomgusa mfanyakazi karibu zaidi ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Nitataja mambo machache. Mwalimu ayaandike ubaoni.

Moja. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi gani, imeanza lini, mahali gani, saa ngapi, malipo gani. Na kama mfanyakazi hayaelewi maandishi hayo, sheria inamtaka mwajiri ahakikishe yameelezwa kwa namna atakayoelewa. Likumbukeni sana hilo. Mna haki ya kusema, "Nieleze, sijaelewa."

Mbili. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, wala 9 kwa siku. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu.

Tatu. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Likizo ya uzazi ni siku 84, na kama amezaa watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja ni siku 100.

Nne. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki, siku 4. Lakini katika mwezi wa kwanza wa kazi, notisi ni siku 7.

Tano. Ukiachishwa kazi isivyo haki, zihesabu siku 30. Usiiweke barua juu ya dari.

Sheria ina sehemu nyingine nyingi na masharti yake, tena hurekebishwa mara kwa mara. Kwa hiyo msiishie kwenye maneno yangu ya redio. Ulizeni ofisi ya kazi, ulizeni chama cha wafanyakazi, na mwombe nakala ya Kiswahili mkaisome darasani kifungu kimoja kimoja.

Nakaribia kumaliza. Mnaposoma kitabu chochote cha kazi, kiwe cha profesa au cha riwaya, kiulizeni maswali manne. Nani aliyefanya kazi? Nani aliyepanga malipo? Nani aliyepata faida, na nani aliyepata hasara? Na aliyeandika alijuaje?

Kisha nawaombeni muandike kitabu chenu wenyewe. Msicheke. Nunueni daftari dogo. Pigeni mistari mitano. Wa kwanza tarehe. Wa pili kazi niliyofanya. Wa tatu saa nilizofanya. Wa nne malipo tuliyopatana. Wa tano malipo niliyopokea. Mpakiaji aandike, mchumaji aandike, mchimbaji aandike, mama lishe aandike, na mama asiyelipwa naye aandike kazi za nyumbani. Andikeni kila jioni kabla ya kulala, hata kama herufi zimepinda. Baada ya miezi mitatu mtajua jambo ambalo hakuna profesa anayelijua: ujira wenu wa kweli kwa siku moja. Na siku ikitokea ubishi, hamtakuwa na neno la mdomo peke yake. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jasho nalo ni mali.

Maswali ya darasa:

1. Neno "kibarua" limetoka wapi?

2. Kwa nini "mwezi" wa kadi ya kipande haukuwa sawa na mwezi wa kalenda?

3. Malori manane yamefika, na kila moja lataka watu watano. Wapakiaji waliofika ni 60. Wangapi watakosa kazi? Ujira utaelekea wapi, na kwa nini?

4. Mfanyakazi wa mwezi, aliyefanya kazi mwaka mzima, ameambiwa leo kwamba kesho asije. Amekosa nini kilichotajwa katika sheria?

5. Je, mjomba alifanya vyema kukataa kuandika sababu? Zungumzeni. Hapa hakuna jibu moja.

Kazi ya nyumbani: piga mistari ya daftari lako, ujaze siku saba. Njoo nalo wiki ijayo.

Wiki ijayo tutajifunza kusoma hati ya malipo ya mshahara, na makato yanayoandikwa ndani yake. Asiye na hati aje vile vile. Tutatumia ya mfano ubaoni.